Vuta Mdogomdogo, Inalipa

Kitaa kuna imani moja imeganda kwenye vichwa vya wana wengi: kama hujatoka jimu unashikilia ukuta, hujapiga tizi. Mpaka utapike, mpaka kesho yake ngazi za geto zikushinde, ndio masela wakukubali. Sasa akitokea mshikaji kakaa kwenye mashine ya makasia, anavuta taratibu dakika arobaini, anapiga stori na mwana wa pembeni, halafu anashuka, anajifuta jasho na kusepa zake kwenye mishe, hakosi mtu wa kumwambia: "Oya, we umekuja kupumzika?"

Swali hilo nalichukulia kwa uzito, maana ndani yake kuna buku za watu na mioyo ya watu. Kuvuta makasia ya jimu kwa mwendo wa chini, bila kujiua, kunaujenga mwili kweli au ni chai? Msimamo wangu nautoa hapahapa mapema: kunaujenga, tena kinoma. Ila kuna masharti, na makocha wengi wa jimu zetu hawayasemi kwa sababu mteja aliyelowa chapachapa na anayehema ndio anaonekana kapata haki yake.

Temeke, hapa Dar, inalijua jibu hili siku nyingi, hata wale ambao mashine yenyewe hawajawahi kuigusa. Jumapili alfajiri simama popote kwenye Barabara ya Kilwa, au sogea Chang'ombe jirani na Uwanja wa Mkapa. Makundi ya jogingi yanapita moja baada ya jingine, tisheti za rangi moja, filimbi mdomoni, kiongozi anaanzisha na kundi linaitikia. Kuna madogo wa sekondari, kuna mafundi gereji, kuna mama ntilie, kuna wazee wastaafu. Ni mchakamchaka ule tuliokimbizwa shule ya msingi, safari hii watu wameuchagua wenyewe. Na mwendo wao ni wa chini makusudi, kwa sababu shangazi aliye nyuma kabisa lazima afike na wenzake. Hizo klabu zinachangiana misiba, zinaenda kutoa damu, zinafanya usafi, lakini leo nazungumzia kitu kimoja tu wanachofanya barabarani: wanaimba huku wanakimbia.

Kuimba huko ndio kipimo chenyewe. Wataalamu wa mazoezi duniani kote wanatumia mdomo wa mtu kupima ukali wa tizi, bila saa wala kifaa cha mkononi. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba wimbo mrefu kunakukata pumzi, uko kwenye mwendo wa wastani. Ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla hujavuta hewa, uko kwenye mwendo mkali. Na ukiimba mpaka mwisho kama uko bafuni, bado hujaanza. Lile itikio fupifupi la jogingi, maneno machache halafu pumzi, linamweka mtu palepale panapotakiwa. Kwa hiyo mwana anayevuta makasia huku anapiga stori hajapumzika hata kidogo. Yuko kwenye gia ileile ya kundi la Jumapili, tofauti yake amekaa kitako.

Tuje kwenye mashine. Mbagala, Tandika, Yombo, jimu nyingi ni za kibabe: vyuma vya kuchomelea, mizigo ya zege iliyomwagwa kwenye makopo, benchi la mbao, kioo kimoja, spika inayopiga singeli mpaka kuta zinatetemeka. Mashine ya makasia huko ni ya kubahatisha. Utaiona zaidi upande wa Kinondoni, Mikocheni na kuendelea kule Mbezi Beach, au kwa jamaa aliyenunua ya mtumba akaitupia kwenye jimu yake ya uani, ambako watu wanapanga foleni kwenye mashine ya kukimbilia na hii ya makasia imewekewa mabegi juu.

Mashine yenyewe ni reli ndefu yenye kiti kinachoteleza, sehemu ya kufunga miguu, mpini uliofungwa kwenye mnyororo, na mbele kuna gurudumu lenye mapanga kama ya feni ndani ya kizimba. Ukivuta, mapanga yanapambana na hewa. Ukivuta kwa nguvu inakuwa nzito, ukilegeza inalegea, hakuna mzigo wa kuongeza wala kupunguza. Ndugu wawili wa Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, ndio waliitoa ile inayojulikana zaidi mwaka 1981, kupitia kampuni yao ya Concept2 kule Vermont iliyoanza kwa kutengeneza makasia ya mitumbwi ya mashindano. Ya kwanza ilitumia gurudumu la baiskeli. Kule kwao maji yanaganda wakati wa baridi, na mpiga makasia akikaa miezi kadhaa bila kuvuta mwili wote unalala, kwa hiyo walitafuta namna ya kuvutia ndani.

Huku kwetu bahari haigandi. Nenda Kunduchi au Msasani kabla jua halijachomoza uwatazame wavuvi wenye mitumbwi midogo isiyo na injini. Hakuna anayekurupuka. Mtu anapiga kafi kwa mwendo ambao anaweza kuushikilia mpaka kwenye mitego na kurudi, huku anabishana na mwenzake habari za Simba na Yanga. Mgongo wa mvuvi wa miaka hamsini, mabega yake na pumzi yake, havikujengwa kwa dakika tano za kujiua. Vimejengwa kwa masaa mengi ya kazi ya chini, siku baada ya siku. Naam, kuna siku bahari inamlazimisha avute kwa nguvu zote. Hizo ni chache, na mwili wake uko tayari kwa sababu ya zile nyingi nyingine.

Sasa wapo watakaosema hiyo ni mifano ya mtaani, lete ushahidi. Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka kwa wapiga makasia wenyewe, tena wa kiwango cha Olimpiki. Mbio zao ni mita 2,000, kitu cha dakika sita hadi saba, na ukiwaona mwishoni wamelalia makasia unajua wamekwisha. Ungedhani watu wa mbio fupi namna hiyo wanashinda wanavuta kwa hasira. Watafiti Åke Fiskerstrand na Stephen Seiler walichimba rekodi za wapiga makasia wa kimataifa wa Norway kuanzia mwaka 1970 hadi 2001. Walichokuta ni kwamba miaka ilivyosonga, masaa ya tizi la chini yaliongezeka kutoka kama 30 kwa mwezi mpaka kama 50, na yale ya tizi kali yakashuka sana. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulipanda, na matokeo yao ya dakika sita kwenye mashine yakapanda pia. Seiler baadaye akawa maarufu kwa kuonyesha kwamba mabingwa wa michezo ya pumzi, iwe kuteleza kwenye theluji, baiskeli au mbio ndefu, wanafanya takriban vipindi vinane kati ya kumi kwa mwendo wa kupiga stori.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mnorwei huyo anapiga tizi masaa mengi kwa wiki, analala vizuri, analishwa vizuri. Wewe una dakika arobaini kati ya kutoka kazini Kariakoo na kuiwahi daladala ya Mbagala. Je, uwiano wake unakuhusu? Unakuhusu nusu. Ukiwa na muda mchache sana, mwendo mkali unakupa faida zaidi kwa kila dakika, huo ni ukweli na Shirika la Afya Duniani linaukubali kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, au achanganye. Dakika moja kali inahesabika kama mbili za wastani. Lakini swali letu siyo kipi kinalipa haraka zaidi. Tunauliza kama hiki cha chini kinalipa. Na hapo mwongozo hauna kigugumizi, wastani umeandikwa wa kwanza.

Kinachotokea ndani ya mwili ni kitu kizuri ambacho ningependa kila dogo anayebeba vyuma akifahamu. Ukivuta kwa mwendo wa chini kwa muda mrefu, moyo unajaa damu vizuri kwenye kila pigo na unaisukuma kwa wingi. Ukirudia wiki nyingi, chumba chake cha kushoto kinazoea kubeba damu zaidi, kwa hiyo unapokuwa umekaa tu moyo unapiga mara chache kwa dakika. Maji ya damu yanaongezeka mapema kabisa, ndani ya wiki moja mbili za mwanzo, na ndio maana mtu mpya anaona nafuu haraka kabla hata misuli haijabadilika. Kwenye misuli yenyewe kapilari, ile mishipa myembamba kuliko yote, zinaongezeka. Mitokondria, sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, zinaongezeka pia, na mwili unajifunza kuchoma mafuta vizuri zaidi. Haya yote hayahitaji utapike. Yanahitaji muda na marudio.

Na makasia yana upendeleo mmoja ambao baiskeli ya jimu haina: yanaamsha mwili mzima. Nguvu kubwa inatoka miguuni, halafu makalio na mgongo, halafu mikono inamalizia. Magoti hayagongwi na lami. Kwa mtu bonge ambaye akikimbia kilomita moja tu magoti yanalia, hii ni nafasi ya kupata masaa ya kazi ya moyo bila kuumia.

Kuna namba kwenye kile kioo kidogo cha mashine ambazo zinawachanganya watu na kuwakatisha tamaa. Kioo kinakuonyesha ungetumia muda gani kumaliza mita 500. Ukiona dakika 2 na sekunde 30, unatoa kama wati 100. Ukitaka kushuka mpaka dakika 2 kamili, unahitaji kama wati 200. Angalia hapo: mwendo umeongezeka kwa robo, nguvu imekuwa maradufu. Ndivyo ilivyo kwenye maji na hewa, kila ukiongeza mwendo kidogo upinzani unaruka sana. Maana yake kwako ni hii: ukipunguza kidogo tu, mwili unapata nafuu kubwa, na unaweza kukaa kwenye mashine mara tatu ya muda ule. Mwana anayeanza kwa dakika 2 kamili kwa sababu pembeni kuna demu anaangalia, dakika ya nne atakuwa anatafuta sababu ya kushuka. Aliyeanza na dakika 2 na sekunde 50 atakuwepo dakika ya arobaini, na kazi yote aliyofanya ni kubwa kuliko ya mwenzake.

Pembeni ya gurudumu kuna kishikio chenye namba 1 mpaka 10. Kila jimu niliyoingia, unakikuta kwenye 10, kwa imani kwamba ndio tizi la kiume. Hicho kishikio kinafanya kazi kama gia za baiskeli, kinabadilisha mguso wa mvuto na siyo ukubwa wa tizi. Kwenye 10 kila mvuto unakuwa mzito na wa polepole, mgongo wa chini unaumia kabla pumzi haijafanya kazi. Kiweke 3 mpaka 5, ambapo hata wapiga makasia wengi wa mashindano wanakaa.

Namna ya kuvuta nayo ina mpangilio. Sukuma kwa miguu kwanza, mikono ikiwa imenyooka. Miguu ikikaribia kunyooka, mgongo unaegemea nyuma kidogo. Mwisho kabisa mikono inaleta mpini chini ya kifua. Kurudi ni kinyume: mikono kwanza, mgongo, halafu magoti. Kosa linaloniuma kulitazama ni mtu anayevuta kwa mikono tangu mwanzo, magoti yamekunjwa, mgongo umepinda kama ndoano. Huyo atatoka na maumivu ya kiuno na kusema mashine ni mbaya. Kwa mwendo wa chini, mivuto 18 mpaka 22 kwa dakika inatosha. Sukuma kwa nguvu ya wastani, rudi kwa kujivuta taratibu, kurudi kuchukue muda mrefu kuliko kusukuma. Ukikuta unafika mivuto 30 na kioo hakibadiliki, unahangaika mbele na nyuma bila kusukuma.

Kwa anayependa kuangalia mapigo, hesabu ya haraka ni 220 toa umri wako. Kijana wa miaka 25 anabaki na 195, na mwendo wa chini kwake utakuwa kati ya mapigo 117 na 137 hivi kwa dakika. Ni makadirio, watu wanatofautiana. Tena Dar siyo Norway. Januari, kwenye jimu ya bati isiyo na feni, moyo unapanda peke yake kwa sababu mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe. Kasi ileile iliyokuwa rahisi Julai inakuwa nzito. Siku hizo fuata pumzi yako, shusha mwendo, kunywa maji, na usijilinganishe na namba ya mwezi wa saba.

Sasa nyie wa kitambi, na hapa nitaongea wazi. Kuvuta kwa mwendo wa wastani, mtu wa kilo 70 anachoma karibu kalori 170 kwa nusu saa. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina karibu 150. Umeona mwenyewe. Ukitoka hapo ukapitia chipsi mayai kwa sababu ubao unakupiga na unajisikia umestahili, umerudisha kila kitu na chenji juu. Makasia ya mdogomdogo yatakupa moyo, pumzi, usingizi, sukari iliyotulia na presha inayoshuka kidogo. Tumbo litapungua pale tu sahani nayo itakapobadilika. Anayekuuzia mashine kwa ahadi ya kukausha tumbo ndani ya wiki mbili anakupiga kamba.

Na hayatakupa mikono ya kujaza tisheti. Misuli inakua ikipewa mzigo unaoielemea, na mwendo wa chini haufiki huko. Mwongozo uleule wa mwaka 2020 unataka siku mbili au zaidi kwa wiki za kazi ya nguvu kwa misuli mikubwa. Kwa hiyo mwanangu wa Tandika mwenye vyuma vya zege, usiviache. Pushapu zako, skwati zako, mizigo yako, viendelee. Kilichokosekana kwako ni ile kazi ndefu ya moyo, maana nakuona una kifua cha maana lakini ukikimbilia daladala kutoka kituo kimoja hadi kingine unashika magoti.

Nikiitazama Dar ilivyo, watu ninaowawaza zaidi ni wale wanaokaa kutwa nzima. Bodaboda amekaa. Dereva wa bajaji amekaa. Wakala wa pesa za simu amekaa kwenye kibanda toka asubuhi. Dereva wa daladala amekaa kwenye foleni. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walifanya kazi kwenye gari moja, kampuni moja, mtaa mmoja, ila dereva alikaa na konda alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Makonda walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na waliopata hayakuwa makali kama ya wenzao. Morris hakuishia hapo. Alirudi akapima hata sare, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi tangu wanaanza kazi, kwa hiyo sehemu ya tofauti huenda walikuja nayo. Huo ndio uungwana wa kitafiti, na tafiti nyingi za miongo iliyofuata zimeendelea kuonyesha kwamba kutembeza mwili kunalinda moyo. Kinachonigusa ni kwamba yule konda hakuwahi kukimbia mbio za kufa mtu. Alipanda ngazi. Taratibu, kila siku, miaka.

Kwetu tatizo lipo na linakua. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 wa Watanzania wenye miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na kama 9 kwa kila 100 wana kisukari. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Ni jambo la heri. Lakini mara moja kwa mwezi mwili hauisikii. Mwili unasikia mara tatu, nne kwa wiki, na ndio maana mwendo wa chini una nguvu: unaweza kuurudia kesho. Anayejiua Jumatatu anakuwa mgonjwa mpaka Alhamisi, Ijumaa anaghairi, wiki ya tatu hayupo. Jimu zote za Januari zinajaa watu wa aina hiyo na Machi zimebaki na wenyewe.

Nikitaka kumwonyesha mtu kwamba mchezo huu siyo wa wazungu peke yao, namtajia wanawake wawili wa ukanda wetu. Kathleen Noble alipiga makasia kwa niaba ya Uganda kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mpiga makasia wa kwanza wa nchi hiyo kufika huko, akarudi tena Paris mwaka 2024. Na kuna Asiya Mohammed wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka miwili. Naye alikuwa Tokyo, kwenye Paralimpiki, mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye makasia ya kule. Daraja lake ni la wanaovuta kwa mikono na mabega tu, kiti kimefungwa, mwili umekazwa kwa mikanda. Hata mashine ya jimu inaweza kuwekewa kiti kisichoteleza, mtu asiye na miguu akavuta. Naliandika hilo kwa sababu jimu zetu za mtaani zina ngazi mlangoni na hazina nafasi ya kiti cha magurudumu, na hilo linaweza kubadilishwa na fundi wa kuchomelea kwa siku moja.

Ni lini basi mdogomdogo haitoshi? Kama umevuta dakika ishirini zilezile, mwendo uleule, miezi sita, mwili umeshazoea na umesimama. Ongeza muda kwanza, kutoka ishirini kwenda thelathini, arobaini, halafu ongeza siku. Baada ya wiki nane hivi, chukua siku moja kwa wiki uipe moto: dakika mbili za nguvu, dakika mbili za kulegeza, mara tano au sita. Siku nyingine zibaki za stori. Watu wengi wanakosea katikati, kila siku wanavuta kwa mwendo unaochosha lakini siyo mkali wa kweli, hawapati faida ya huku wala ya kule, wanapata uchovu tu. Siku ya chini iwe chini kweli, hata dogo wa pembeni akikupita mara mbili.

Kama mashine huna, usiisubiri. Kundi la jogingi la mtaa wako linakufikisha palepale. Kutembea haraka kutoka Mwananyamala hadi Kinondoni kunahesabika, baiskeli inahesabika.

Na bi mkubwa je, yule wa miaka hamsini na tano mwenye presha, anayetaka kujaribu hiyo mashine ya jimu ya jirani? Anaweza, na pengine yeye ndiye inamfaa kuliko sisi sote. Kwanza apimwe presha kwenye zahanati na amwambie daktari anachotaka kuanza, hasa kama anameza dawa, maana kuna dawa za presha zinazoshusha mapigo ya moyo na hesabu ya 220 haitamfaa. Aende kwa pumzi. Aanze na dakika tano, apumzike, tano nyingine. Asibane pumzi anaposukuma, atoe hewa. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka, aache hapohapo. Kiti kiko chini sana, karibu na sakafu, kwa hiyo kijana wake asimame pembeni ampe mkono wakati wa kukaa na wakati wa kuinuka, na mikanda ya miguu amfungulie yeye.